Umeme Kichwani, Hatua Sakafuni: Mafunzo Niliyopata kwa Wagonjwa wa Kiharusi

Ndugu wa wagonjwa wa kiharusi huniletea simu zao nitazame video. Mtu amevaa kofia yenye nyaya, anatembezwa juu ya mashine, halafu picha inakatwa na tunamwona akitembea bila fimbo. "Dada, hii mashine ya ubongo ipo Tanzania? Tukichangishana ukoo mzima, tutaipata?"

Huwa najibu kwa kirefu, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu. Nilisomea fiziotherapia Moshi, nikafanya kazi wodini, kisha nikapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ujerumani. Maabara niliyopangiwa ilikuwa ikichunguza kama kuchochea ubongo kwa umeme hafifu au kwa sumaku, pamoja na mazoezi ya kutembea, kunamsaidia aliyepata kiharusi kuliko mazoezi peke yake. Mimi nilifunga elektrodi, nikasimamia mazoezi na kupima mwendo. Sasa nimerudi nyumbani, na wengi wa wagonjwa wangu hawajawahi kupanda hata mashine ya kawaida ya kutembelea. Mafunzo haya yametoka pande zote mbili.

1. Mguu umejificha mahali pagumu

Gamba la ubongo linaloongoza misuli lina mpangilio wake. Uso na mkono viko upande wa nje, kuanzia juu ya sikio kwenda utosini. Mguu uko katikati kabisa, ndani ya mpasuko unaotenganisha nusu mbili za ubongo, na eneo la mguu wa kulia na la mguu wa kushoto yanatazamana humo yakiwa karibu mno.

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, katika mji wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba mpigo mfupi wa sumaku unaweza kupita kwenye fuvu, ukazusha umeme mdogo ndani ya ubongo, na misuli ya mkono ikaruka. Kwa mkono kazi hii ni nyepesi. Unasogeza koili sentimeta chache, unaona dole gumba linacheza. Kwa mguu tulihitaji koili iliyokunjwa ili ikumbatie kichwa pande zote mbili, tukapandisha nguvu, na bado mara nyingi miguu yote miwili iliitika kwa pamoja. Kwa baadhi ya wagonjwa mguu ulioathirika haukuitika kabisa, hata tulipofika mwisho wa nguvu ya mashine.

Njia ya pili ni ya mkondo hafifu wa umeme unaopita mfululizo. Michael Nitsche na Walter Paulus, wakiwa Göttingen, ndio waliofufua utafiti wake kwa makala yao ya mwaka 2000. Vifaa vyake ni vichache: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja utosini na nyingine kwenye paji la uso, na umeme wa miliampea 1 hadi 2 kwa dakika kama 20. Sponji ya sentimeta za mraba 35 haiwezi kuchagua mguu wa kushoto ikauacha wa kulia.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuchochea ubongo kunasaidia kiharusi, jambo la kwanza ni kuuliza: ni mkono au ni mguu? Matokeo mengi yanayotangazwa ni ya mkono. Hata kifaa cha kuchochea neva ya vagasi kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa waliopata kiharusi ni cha kurudisha matumizi ya mkono. Mguu ni mlima mwingine, na ahadi za mkono hazihamii kwenye mguu kwa kupenda kwetu.

2. Umeme hutayarisha, hautembezi

Mkondo huo ni mdogo mno kuilazimisha seli ya neva kutoa ujumbe. Unachofanya ni kuisogeza seli karibu zaidi na kutoa ujumbe, ili amri inayotoka kwa mgonjwa mwenyewe, ile ya kunyanyua unyayo, ipite kwa wepesi kidogo. Nitsche na Paulus walionyesha baadaye kwamba dakika 9 hadi 13 za mkondo zinaweza kuacha athari kwenye gamba la ubongo kwa muda unaofikia dakika 90. Hapo ndipo wazo la kuunganisha umeme na mazoezi lilipopata nguvu. Mkulima wa Uchagani anaelewa jambo hili upesi: mvua ya kwanza imelainisha udongo, lakini asiyeshika jembe kabla haujakauka hatavuna kitu.

Nilichokiona ni jinsi muda huo unavyopotea. Elektrodi zinatolewa, kichwa kinafutwa, mgonjwa anaomba kwenda msalani. Viatu vinavaliwa, kishikilia kifundo kinafungwa, mkanda wa usalama unakazwa, na mgonjwa aliyetangulia bado yuko juu ya mashine. Hadi hatua ya kwanza inapokanyagwa, sehemu nzuri ya muda imekwisha. Nilijifunza kuandaa kila kitu kabla ya kuwasha umeme: viatu miguuni, shinikizo la damu limepimwa, choo kimeshughulikiwa, mashine iko wazi.

Kuna maabara zinazowasha umeme huku mgonjwa anatembea, kifaa kikiwa kwenye mfuko mdogo kiunoni. Nyingine humkalisha kwanza, akapewa umeme huku akichezesha kifundo cha mguu kufuata mstari unaopanda na kushuka kwenye skrini, kisha ndipo atembee. Mimi naipenda zaidi hii ya pili. Mtu anayejifunza upya kutembea ana mambo mengi ya kuangalia kwa wakati mmoja, na nyaya kichwani ni jambo jingine la kumtia hofu. Akiwa amekaa, mawazo yake yote yako kwenye unyayo, na unyayo unaoburuta ndio unaomwangusha nyumbani.

3. Nywele nazo ni sehemu ya tiba

Hili ni fupi, ila sijaliona likipewa uzito unaostahili. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Kwenye nywele nyembamba zilizonyooka unazipanga pembeni kwa kitana na kazi imekwisha. Kwenye nywele zetu, na zaidi zikiwa zimesukwa au zina nywele za bandia, sponji hukaa juu ya nywele. Umeme unapita kwa shida, na kifaa kinalia kuonya au unakitumia kwa matokeo usiyoyaamini. Kumwambia mama wa Kitanzania afumue nywele alizosukwa jana, afumue tena wiki ijayo na ile inayofuata, ni kumwongezea gharama na usumbufu ambao waliotengeneza kifaa hawakuufikiria. Yeyote atakayeleta tiba hii Afrika Mashariki apange suala la nywele kabla ya kununua mashine.

4. Hesabu hatua kabla ya kuhesabu miliampea

Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Catherine Lang na wenzake waliketi kwenye vituo vya kurekebisha wagonjwa wakahesabu kinachofanyika kweli katika vikao vya mazoezi baada ya kiharusi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, wastani wa hatua katika kikao cha kutembea ulikuwa 357. Mtu mzima mwenye afya anazimaliza hizo akitoka nyumbani, akafika dukani na kurudi. Ukichukua kikao cha hatua 357 ukafunga umeme juu yake, unauomba umeme ukuze kitu ambacho hakijapandwa cha kutosha.

Mwaka 2020 George Hornby na wenzake, huko Marekani, walitoa mwongozo wa kuboresha kutembea kwa watu ambao wamepita miezi 6 tangu kiharusi na wanaoweza kutembea, hata kama ni kwa shida. Mwongozo wao ulikuwa wazi: wafanye mazoezi ya kutembea kwa nguvu ya wastani hadi kubwa, mapigo ya moyo yakifikia kama asilimia 70 hadi 85 ya kiwango cha juu cha umri wao. Mashine za roboti zinazomshika mgonjwa na kumsogezea miguu hazikupendekezwa kwa kundi hili. Nililiona hilo kwa macho yangu. Mtu anayejiweza akibebwa na roboti huanza kustarehe. Miguu inakwenda, mapigo ya moyo yametulia, na misuli inangoja mashine ifanye kazi.

Kwa asiyeweza kusimama, hesabu inabadilika. Ujerumani niliwakuta watu wanaomkumbuka kwa heshima Stefan Hesse wa Berlin, daktari aliyebuni mashine yenye vibao viwili vya miguu inayomwezesha mgonjwa wa hali mbaya kupiga hatua nyingi huku uzito wake umebebwa na mikanda. Jaribio la mashine hiyo lililochapishwa mwaka 2007 lilikuwa na wagonjwa 155 wa kiharusi kipya wasioweza kutembea wenyewe. Nusu walipata dakika 20 za mashine na 25 za fiziotherapia. Wengine walipata dakika 45 za fiziotherapia tupu. Mwishoni asilimia 53 ya kundi la mashine walitembea wenyewe, na kundi la pili asilimia 22. Sababu ninayoiamini ni hatua. Bila mashine, wataalamu wawili wenye nguvu hutoka jasho kumtembeza mgonjwa mzito mita chache tu, kisha wote watatu wanahitaji kupumzika.

Umeme ulipojumlishwa na roboti, faida yake ilionekanaje? Mwaka 2011 watafiti wa Verona, Italia, waligawa watu 30 wenye kiharusi cha muda mrefu katika makundi matatu: roboti na umeme, roboti na umeme wa uongo, na mazoezi ya kutembea sakafuni. Makundi mawili ya roboti yalilishinda la tatu, lakini yenyewe kwa yenyewe hayakutofautiana. Mwaka huohuo Marekani ikatoa jaribio kubwa la Pamela Duncan na wenzake, la watu 408. Waliofanyishwa mazoezi kwenye mashine ya kutembelea huku wakishikiliwa na mikanda, na waliofanya mazoezi ya nguvu na usawa nyumbani wakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, walifika mahali pamoja baada ya mwaka mmoja. Kwa jumla asilimia 52 ya washiriki walikuwa wamepanda ngazi katika uwezo wao wa kutembea. Jaribio hilo huwa nalisimulia kwa wenzangu wa wilayani kila wanapokata tamaa kwa sababu hawana vifaa. Vikao vya nyumbani viliwafikisha wagonjwa mbali sawa na mashine ya gharama kubwa, mradi mtaalamu alikuwepo na kazi ikafanyika kwa miezi, bila kukatwa.

5. Umeme wa uongo ulinifunza kusubiri

Katika utafiti wa aina hii nusu ya washiriki hupewa umeme wa uongo. Kifaa kinapandisha mkondo, mgonjwa anasikia mwasho kichwani, na baada ya sekunde kama 30 umeme unashuka kimyakimya hadi sifuri. Sponji zinabaki kichwani muda wote. Mgonjwa hajui, na anayepima mwendo hajui.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kwetu akitembea kwa fimbo ya miguu minne. Wiki zilivyokwenda aliongeza kasi, akahamia fimbo ya kawaida, akawa anatuambia kwamba anausikia umeme "unaamsha" mguu wake. Tulifurahi naye. Utafiti ulipofungwa na majina kufunuliwa, alikuwa kwenye kundi la umeme wa uongo.

Maendeleo yake yalikuwa ya kweli. Tuliyapima kwa saa na utepe, na yalibaki alipokuja kupimwa tena miezi baadaye. Alikuwa amefanya kazi ngumu kila kikao, akisukumwa na tumaini, na hatua zake zilikuwa nyingi kuliko alizopiga tangu alipougua. Tangu siku hiyo sipokei ushuhuda wa "mashine ilimtembeza" bila kuuliza: na kundi la pili lilifanya nini?

Majaribio makubwa zaidi yanasimulia jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2020 kundi la Sangeetha Madhavan, la University of Illinois mjini Chicago, lilichapisha matokeo ya watu 81 waliofanya mazoezi makali ya kasi kwenye mashine ya kutembelea. Kabla ya mazoezi wengine walitayarishwa kwa umeme, wengine kwa mazoezi ya kifundo, wengine kwa vyote viwili, na wengine walipumzika tu. Makundi yote yaliongeza kasi ya kutembea, na hakuna lililoyaacha mengine nyuma. Upande wa mkono, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 kwa kutumia sumaku lilikuwa na watu 199. Takribani theluthi mbili walipata nafuu, waliopewa sumaku ya kweli na wa sumaku ya uongo vilevile.

Sisemi umeme hauna kazi. Katika jaribio la Chicago dalili za mabadiliko kwenye njia za neva zilionekana zaidi kwa waliopata maandalizi yote mawili. Huenda faida ni ndogo, huenda ipo kwa baadhi tu ya watu, huenda mazoezi makali yanaifunika. Ila mgonjwa hatembei kwa "huenda", na familia haiuzi shamba kwa "huenda".

6. Kiharusi kimoja hakifanani na kingine

Kwa miaka mingi wataalamu walifuata wazo kwamba nusu mbili za ubongo hushindana: upande mzima unaukandamiza ulioumia, kwa hiyo utulize ule mzima ili huu upumue. Kwa vidole vya mkono, wazo hilo lina mantiki. Kwa kutembea lina mashaka, maana mwendo ni kazi ya pande zote mbili, na kwa mtu aliyepoteza eneo kubwa la ubongo, upande mzima huenda ndio unaoubeba mguu dhaifu. Ukiutuliza, unaweza kumnyang'anya alichonacho.

Nakumbuka wanaume wawili walioonekana sawa kabisa mlangoni: umri unakaribiana, upande uleule, mguu unachora nusu duara kila hatua. Tulipowapima kwa sumaku, mguu wa mmoja uliitika vizuri na wa mwenzake haukuitika hata kidogo. Maana yake ni kwamba wa kwanza bado alikuwa na nyuzi za neva zinazotoka gamba la ubongo hadi uti wa mgongo, na wa pili alibakiwa na chache mno. Tiba ileile ya dakika zilezile haikuwa na sababu ya kuwafanyia jambo lilelile.

Tena kutembea hakuongozwi na gamba la ubongo peke yake. Uti wa mgongo una mitandao ya neva inayoendesha mpigo wa hatua, na shina la ubongo linasimamia usawa. Watafiti wa Verona walipojaribu tena, katika matokeo ya mwaka 2015, waliunganisha umeme wa kichwani na wa uti wa mgongo pamoja na roboti, wakaona umbali wa kutembea ukiongezeka zaidi. Kundi lao lilikuwa dogo, kwa hiyo sijengi nyumba juu yake. Lakini kama utafiti huu una mwelekeo ninaoungojea kwa hamu, ni huo wa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, kujua njia gani ya neva imebaki, na kuchochea hiyo.

7. Mita kumi hazidanganyi

Kipimo nilichokitumia Ujerumani ndicho ninachokitumia Moshi. Nabandika utepe sakafuni, mita 10, na kuacha mita 2 kila upande za kuanzia na kupunguzia mwendo. Mgonjwa anatembea, simu inahesabu sekunde. Jacquelin Perry na wenzake, California, walitoa mwaka 1995 mgawanyo ambao bado unatumika: chini ya mita 0.4 kwa sekunde, mtu anazunguka nyumbani tu. Kati ya 0.4 na 0.8 anatoka nje kwa mipaka. Zaidi ya 0.8 anakwenda anakotaka.

Chukua barabara ya upana wa mita 7. Anayetembea mita 0.4 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu kuivuka. Kwa 0.8 anahitaji chini ya 9. Mwenye bodaboda hakusubiri sekunde 17. Ndiyo maana namba hii ndogo ina maana kubwa kwangu kuliko picha yoyote ya ubongo yenye rangi. Katika miezi ya mwanzo baada ya kiharusi, ongezeko la mita 0.16 kwa sekunde linatosha kubadili maisha ya mtu kwa namna anayoiona mwenyewe. Anayeuza tiba bila kutaja kasi kabla na baada, kwa sekunde na mita, hajasema kitu.

8. Wapo ambao vifaa hivi havipaswi kuwagusa

Sumaku haiwekwi kwenye kichwa cha mtu mwenye kipande cha chuma ndani ya fuvu, aliyepandikizwa kifaa cha kusikia sikioni, au mwenye betri ya moyo bila ushauri wa daktari bingwa. Aliyewahi kupata kifafa anahitaji tahadhari, na kiharusi chenyewe huongeza uwezekano wa kifafa. Mkondo hafifu ni mpole zaidi. Huleta mwasho na wekundu wa ngozi, lakini sponji ikikauka inaweza kuunguza.

Kinachonitia hofu ni vifaa vya betri vinavyouzwa mitandaoni na vijana wanaovijaribu kwa wazazi wao. Ubongo uliopata kiharusi una kovu, na mara nyingi shimo lililojaa majimaji, na majimaji hupitisha umeme vizuri kuliko nyama ya ubongo. Umeme hauendi pale sponji ilipowekwa tu. Maabara hukokotoa njia yake kwa kompyuta kutokana na picha za kichwa cha mgonjwa. Sebuleni hakuna anayekokotoa.

Na hata mazoezi yana wakati wake. Jaribio la kimataifa la wagonjwa 2,104, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza nafasi ya kupona vizuri: asilimia 46 dhidi ya 50 kwa waliohudumiwa kawaida. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda taratibu. Na siku zote, shinikizo la damu lipimwe kabla ya kutembea. Nimemrudisha mtu kitini mara nyingi, na sitaacha.

9. Mahali ambapo hakuna umeme wa kichwani, kazi ni ileile

Kati ya mwaka 2003 na 2006 Richard Walker na wenzake Watanzania na Waingereza walihesabu viharusi katika jamii, wilayani Hai na jijini Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, Dar es Salaam 315.9. Hiyo ya Dar ilikuwa miongoni mwa namba kubwa kabisa duniani wakati huo. Nyuma yake kuna shinikizo la damu lisilojulikana au lisilotibiwa, na kuna watu ambao mara nyingi hufika kwetu wakiwa wamechelewa, baada ya kuombewa au kupelekwa kwa mganga, maana wengi bado wanaamini ni pepo au ni mkono wa mtu. Siwagombezi. Nakaa na familia, naeleza mshipa wa damu ulioziba au kupasuka, kisha nawaambia kwamba sala na mazoezi haviwezi kugombana.

Nyumbani mashine yangu ni baraza, ngazi za mbele, na njia ya kupanda kwenda barabarani. Nafunga kitenge imara kiunoni mwa mgonjwa, kijana wa nyumba anakishika kwa nyuma, mimi nakaa upande dhaifu. Kwa kuwa saa za kupima mapigo hazipatikani kwa wote, natumia maongezi: awe anaweza kunijibu sentensi fupi, asiweze kuimba. Akiimba, tunaongeza mwendo. Hesabu ya mizunguko tunaiweka kwa maharage, punje moja kutoka bakuli hili kwenda lile kila mzunguko wa baraza, na bakuli linaonekana na kila anayeingia. Na mzee mmoja tuliongea hivi:

"Mzee, leo tunafika kwenye mparachichi."

"Binti yangu, jana ulisema kwenye bomba."

"Jana ulifika kwenye bomba bila kutweta. Shikilia kitenge, kaka."

Wajukuu wake walianza kugombania kuhamisha maharage, na hilo lilimtembeza zaidi ya maneno yangu. Kabla ya mizunguko humwomba mgonjwa akae achezeshe kifundo cha mguu juu na chini kwa dakika kadhaa, akifuata kidole changu kinavyopanda na kushuka. Zoezi hilo nililitoa maabara, nikaacha nyaya hukohuko.

10. Kama umeme utakuja, uje kwa utaratibu

Sitaki tiba hii inunuliwe kwanza na kliniki ya binafsi, kisha iuzwe kwa bei ambayo mtu anakopa kuilipa. Nataka ije kama jaribio, chini ya usimamizi wa kamati ya maadili, kwa wagonjwa wetu: wenye nywele zetu, wanaofika wamechelewa, wenye shinikizo la damu linalopanda dawa zinapokwisha kituo cha afya. Wapimwe kwa mita 10 kabla ya kuanza, wakimaliza, na miezi 6 baadaye. Kila kikao hatua zihesabiwe, na mapigo ya moyo yaandikwe.

Nusu wapate umeme wa kweli, nusu wa uongo, na wote watembezwe kwa bidii ileile, na wataalamu wa fiziotherapia wanaolipwa kuwafuata hadi majumbani. Bajeti ya wataalamu hao ipitishwe kwanza, kabla ya ile ya kifaa. Tukigundua mwishoni kwamba umeme haukuongeza chochote, tutakuwa tumejua, na watu wa kundi la umeme wa uongo watakuwa wameondoka na kasi waliyoipata kwa miguu yao.